Samaki wa Shangazi Waota Upele

Kila siku kabla ya kwenda shule, Kinyaa alipitia kwenye kliniki ya meno ya shangazi yake kulisha samaki. Jina hilo alibandikwa na kaka zake, likamganda. Utando wa maziwa ukimgusa mdomo, alitema. Akiona unywele kwenye sabuni, haogi ng'o. Lakini samaki aliwapenda, maana walikaa nyuma ya kioo, wasafi, wala hawakumgusa.

Tangi lao lilikuwa kwenye chumba cha kusubiri, limejaa maji ya chumvi, mawe, matumbawe hai ya rangi rangi, na kaa na kamba wadogo. Wagonjwa waliolia kwa kuogopa koleo walilitazama mpaka wakatulia. Mkubwa wa humo alikuwa samaki mpana wa manjano aliyeitwa Mzee, ambaye shangazi alikuwa naye tangu afungue kliniki. Shangazi alimsalimia asubuhi kabla ya kumsalimia binadamu yeyote.

Siku moja shangazi alinunua samaki mdogo wa bluu, akamweka peke yake kwenye beseni stoo.

"Mgeni hatiwi tangini hivi hivi," alimwambia Kinyaa. "Atakaa humu mwezi mzima tuone kama ana maradhi. Mimi nasafiri wiki tano, nakwenda masomoni. Daktari mwenzangu atabaki na wagonjwa, wewe utabaki na huyu. Mlishe, na kila siku ufute uchafu wa chini. Nakutegemea, mwanangu."

Uchafu wenyewe sasa. Mavi ya samaki na mabaki ya chakula yalikuwa yamegeuka ute wa kijivu, unateleza, unanuka shombo la kukata pumzi. Siku ya kwanza Kinyaa alifuta huku amebana pua. Siku ya pili alitapika kwenye sinki, ikawa kazi juu ya kazi. Ya tatu akasema potelea mbali. Akamchota yule samaki kwa kopo, akammwaga tangini na maji yake yote, kisha akanawa mikono mpaka viwiko.

Shangazi aliporudi, aliuliza, "Mgeni wetu alimaliza muda wake?"

"Alimaliza, shangazi. Nimemhamisha juzi."

"Hakuwa na doa lolote?"

"Hata moja."

Keshoye mgonjwa mmoja, fundi cherehani aliyevimba shavu, alisogelea kioo akakunja uso. "Daktari, samaki wako wameota upele."

Shangazi alivaa ile miwani yake ya kukuzia meno, akainama. Mapezi ya samaki yalijaa vidoa vyeupe, kana kwamba mtu amewanyunyizia chumvi. Walijikwaruza kwenye mawe bila kukoma, na vipande vya ute vikawaning'inia mbavuni. Mzee alihema karibu na uso wa maji.

"Ningesema ni vimelea," shangazi alisema polepole. "Lakini mgeni alikaa besenini mwezi mzima akiwa mzima. Basi labda ni maji."

Kinyaa akanyamaza. Shangazi akashinda akibadilisha maji na kupima chumvi, siku hiyo na zilizofuata, huku vidoa vikizidi. Siku moja Kinyaa alimkuta yule mdogo wa bluu amekufa, jicho limefunikwa ukungu, kaa anamchambua tumbo. Pembeni, Mzee alikuwa amelala ubavu, chakula kinampita mdomoni naye haufungui. Kinyaa akajua kwamba akiendelea kunyamaza, huyu naye atakufa.

Alimkuta shangazi akichemsha koleo. "Shangazi, nilikudanganya," akasema. "Alikaa besenini siku tatu tu. Nilishindwa na ule uchafu."

Shangazi alizima jiko. Hakupaza sauti, na hilo lilimuuma Kinyaa zaidi.

"Vimelea hivyo huingia chini ya ngozi ya samaki, vikala vikashiba," alisema. "Kisha hudondoka chini na kuzaana, na watoto wao, mamia kwa mamia, huogelea kutafuta ngozi nyingine. Ndiyo maana nilitaka chini pafutwe. Siku zote hizi nimetibu maji, na maji hayaumwi."

Kinyaa alihisi mwili mzima unamwasha. "Tutie dawa tangini basi."

"Dawa yake itaua matumbawe na kamba wote. Lazima samaki watoke, watibiwe kwenye mabeseni, na tangi likae bila samaki zaidi ya miezi miwili mpaka vimelea vife njaa. Kunja mikono ya shati."

Kinyaa aliingiza mikono tangini. Mzee alikuwa wa kuteleza, magamba yake yanakwaruza kama msasa, na ute wake ukamnata vidoleni. Alisikia kichefuchefu, akameza mate, akamshika hivyo hivyo mpaka kwenye beseni. Kuanzia hapo alifuta ute wa mabeseni kila siku, anasonya, anakunja uso, lakini anafuta.

Wawili zaidi walikufa. Mzee akaponea chupuchupu. Siku aliporudishwa tangini akiwa hana doa, shangazi alikaa na Kinyaa kwenye benchi la wagonjwa.

"Watu huja hapa wamefunika mdomo kwa kiganja," shangazi alisema. "Wanaonea haya meno yaliyooza. Nawaambia wote, fungua nione, nisichokiona siwezi kukitibu. Kuona kinyaa si kosa, mwanangu. Hata mimi vinywa vingine vinanitia kinyaa. Kosa lako ni kuacha kazi kisha ukafunika. Ungenipigia simu siku ile ya tatu, tungepoteza samaki mmoja pengine, au tusingepoteza yeyote."

Kinyaa aliinamisha kichwa. "Kwa hiyo hutaniachia samaki tena?"

"Nitakuachia," shangazi alisema. "Sasa najua wakiumwa utaniambia."