Nusu ya Trizah

Jumapili hiyo ilianza kama Jumapili yoyote ya mtaa wa Rhonda: kwaya zimeshachoka, githeri inatokota, watoto wanapigania mpira wa makaratasi. Nanyama alikuwa amekaa mlangoni na riwaya mpya mapajani, akiitazama vile mtu hutazama barua ya "we regret to inform you." Hizo barua anazijua. First class ya fasihi, miaka mitatu tarmac akitafuta kazi, na wakubwa wanamwambia ajiajiri. Ajiajiri kufanya nini? Kuuza mashairi kwa kilo?

Haya sikusimuliwa na mtu wa mbali. Nanyama ni jirani yangu, tunagawana ukuta, na mengine alinieleza mwenyewe.

Vitabu ndivyo vilikuwa vinamzuia asipasuke. Sasa navyo vilikuwa vimemfungia mlango. Mwaka mzima hakuwa amemaliza hata kimoja. Quincy, rafiki yake wa mtaa wa Free Area mwenye book club, alikuwa amemletea vitatu vilivyotoka juzi tu.

"Hiyo ni slump ya kusoma, madam fasihi," Quincy alimwambia. "Hata mimi hunishika. Zima data, soma kwa sauti."

"Slump huwa inapumua?"

Quincy alicheka. Nanyama hakucheka.

Kwa sababu kila akifika katikati ya kitabu, alisikia. Akigeuza ukurasa, ukurasa mwingine uligeuka nyuma yake. Fwap. Fwap. Kama kuna mtu anasoma pamoja naye, amechelewa kidogo tu.

Na alijua ni nani.

Trizah alikuwa mdogo wake. Wawili hao walikuwa wakinunua riwaya moja ya mtumba na kuipasua katikati kwa kisu cha mboga. Nanyama anasoma nusu ya kwanza, anamrushia Trizah, anaendelea na ya pili. Na Trizah kulalamika kila siku: "We Nanyama, maliza! Unanichelewesha makusudi." Ilikuwa kweli. Nanyama alipenda kubembelezwa. Halafu pneumonia ikambeba Trizah kwa siku nne, amekumbatia nusu ya kwanza kifuani, akingoja ya pili. Kule shags, kijijini kwao Webuye, Nanyama akaiweka ile nusu ya kwanza ndani ya jeneza. Kukhu, nyanya yao, alijaribu kumzuia. "Mfu hapewi kitu nusu, mjukuu wangu. Mpe chote ama usimpe."

Nanyama, na digrii yake, akaona huo ni ushamba.

Sasa alikuwa amechoka. Akaingia ndani mchana kweupe, akatia komeo, akachomoa nusu ya pili chini ya godoro. Ukurasa wa 147. Akaanza kusoma kwa sauti.

Mvua ikaanza kupiga mabati. Kurasa kumi. Ishirini. Fwap. Fwap. Sauti ya pili haikuwa nyuma yake tena. Ilikuwa kando. Godoro likabonyea.

Hakugeuka. Alisoma. Cha ajabu, maneno yalikuwa yanaingia. Mwaka mzima yamekuwa mawe, na sasa yanashuka kama uji. Alisahau hata kuogopa. Akafika mahali pa kuchekesha, akacheka.

Mtu mwingine akacheka pia.

Mvua ikakatika. Ukurasa mmoja ulikuwa umebaki.

Hapo mkono ukamshika. Juu tu ya kifundo cha mkono. Baridi kama maji ya mfereji alfajiri.

"Usimalize."

"Trizah?"

"Usimalize, sis. Nikijua mwisho, nitarudishwa."

"Wapi?"

Kisha, kwa sauti ndogo kabisa: "Kuna giza, Nanyama. Na hakuna kitu cha kusoma."

Nanyama alilia. Angeweza kuuacha ukurasa ule. Angebaki na dadake pale kitandani, wote bila mwisho, na asisome kitabu kingine maisha yake yote. Akahesabu alichonacho duniani. Kazi hakuna. Bwana hakuna. Vitabu tu.

Akasoma.

Mkono ukakaza. Akasoma mbio. Mfupa ukalia. Neno la mwisho alilitoa kwa ukemi, na huo ukemi niliusikia mimi, kupitia ukutani.

Majirani tulipogonga, alifungua komeo mwenyewe. Alikuwa peke yake, uso mkavu. "Nimemaliza," akasema.

Na slump ikaisha, wallahi. Alimaliza vitabu vya Quincy ndani ya wiki moja. Book club wakampigia makofi. Lakini pale kwenye mkono palikuwa na alama nne za vidole na moja ya gumba, nyeusi kama masizi. Nilimsaidia kuzisugua kwa sabuni na jiwe. Wapi, hazikutoka. Kisha nikaona kama zimepanda. Nikachora mstari wa biro mbele yazo ili nisijidanganye. Akamaliza kitabu kingine.

Vidole vilikuwa vimeuvuka mstari.

"Si uache kusoma," nikamnong'onezea.

Akanitazama kama nimemtukania mama. "Niache, nibaki na nini?"

Amemaliza kumi na kimoja tangu hapo. Juzi, na hili jua la Januari, nilimpata mlangoni amejifunga skafu shingoni mpaka kidevuni. Nilipomsalimu, aliivuta skafu juu zaidi. Alikuwa na riwaya mpya, kurasa kama thelathini zimebaki, na alikuwa anasoma mbio.