Mkeka wa Pesamino

Chai ilikuwa imenywewa, magimbi hayakuguswa. Hapo ndipo Tiresa aliposhtuka, maana kaka yake Pesamino angeacha kanisa kabla ya kuacha magimbi yenye tui. Mama Fuatino alishika kikombe kitupu akatabasamu. Tangu wamzike mwanawe mbele ya nyumba, kila asubuhi alimwekea chakula.

"Umeona? Amefika."

"Mbona hajala, mama?"

"Kachoka. Perth mpaka Apia ni mchezo?"

Si mchezo. Ni zaidi ya kilomita elfu saba, ndege mbili, na kusubiri Auckland katikati. Tiresa ndiye aliyekwenda kuileta roho yake. Alitandika mkeka ndani ya ghala lililo jirani na uwanja wa ndege wa Perth, Australia, pale mzigo ulipomwangukia kaka yake, akamwita na kungoja mdudu apande mkekani. Kila Msamoa anajua: mdudu akipanda hukung'utwa, akirudi hukung'utwa tena, na anayerudi mara ya tatu ndiye mtu wako. Nyenje alipanda. Tiresa alitazama saa, akaona ndege itamwacha, akaukunja mkeka bila kukung'uta chochote.

Nyumbani Apia, mchana wa siku ile ya magimbi, vilisikika viatu. Nyumba yao haina kuta, majirani walikuwa wanaonekana wakifua, na juu ya mikeka ambayo hakuna mtoto wa Fuatino aliyewahi kuikanyaga kwa viatu, buti nzito zisizoonekana zilitembea taratibu kutoka nguzo hadi nguzo, zikiacha harufu ya grisi, zikaja kusimama nyuma ya Tiresa, na sauti ya mzee asiyemjua ikamuuliza kwa Kiingereza, kwa upole, karibu kabisa na sikio: "Kutoka hapa hadi Perth ni mwendo wa saa ngapi kwa ndege?"

"Kama siku nzima," Tiresa alijibu. Hakujua afanye nini kingine. Woga wenyewe ulikuwa umekufa ganzi.

"Mbali hivyo? Mke wangu ananingoja."

Jioni alimweleza mama yake kwa kunong'ona. "Si yeye. Nimebeba marehemu wa watu. Sikukung'uta mkeka."

Mama alikishika tena kile kikombe. "Basi mwache huyuhuyu. Ukimwondoa nitabaki na nani?"

"Na Pesamino je? Yuko kule peke yake."

Mganga Sekara alikuja na majani yake, akanusa ile grisi, akayarudisha kikapuni. "Kumfukuza naweza, mwanangu, lakini nimfukuzie wapi? Umemleta wewe, mrudishe wewe. Kisha mwite wako."

Wakatandika mkeka. Nyenje alipanda, akakung'utwa, akarudi, akakung'utwa, akarudi. Tiresa akasafiri naye.

Ghalani Perth, nyenje aliruka akapotea nyuma ya makreti. Tiresa alimwita kaka yake mpaka sauti ikakauka. Ndege zilipita juu, moja baada ya nyingine. Hakuna mdudu aliyepanda.

Mlinzi wa lango akamsogelea. "Dada, unamtafuta yule kijana wa Samoa aliyeangukiwa na mzigo? Kila siku alikuwa anakuja kuniuliza Apia ni mbali kiasi gani. Nikamwambia kwa ndege ni siku nzima, kwa miguu haiwezekani, kuna bahari. Akaniuliza bahari iko wapi."

"Ukamwambia?"

"Nilimwonyesha. Jana kaondoka." Mlinzi alinyoosha mkono kule jua lilikokuwa linazama.

Tiresa aliukunja mkeka mtupu. Samoa iko mashariki.