Jiwe Alilolilamba Kenna

Toa ulimi nje, kisha niambie naongopa. Umeshindwa, sivyo? Basi sikiliza.

Mie shule ya waandishi niliikimbia, fimbo zilinishinda. Lakini kuchora miungu? Kijiji kizima cha wachimba makaburi hakuna wa kunigusa. Labda kaka yangu Kenna. Mchana mmoja tulikaa kivulini na mkate na vitunguu, tukijaribu mistari kwenye vipande vya mawe kabla ya kwenda kuichora kaburini mwa mfalme. Kipande kikijaa, unalamba wino, unachora upya. Ndivyo tufanyavyo sote.

Nikampa Kenna kipande kilichochorwa Meretseger, mungu wa kike wa mlima wetu: kichwa cha mwanamke, mwili wa nyoka.

"Nani kamchora huyu? Kama bata kavimba!" akacheka.

"Lamba, kaka, acha maneno."

Akalamba. Akakunja uso.

"We dogo... mbona wino huu una ladha ya usaha?"

Bi Hunero, jirani yetu, alikuwa anapita na mtungi. Ukamponyoka.

"Jiwe hilo nililifunga kwenye kidonda cha binti yangu," akanong'ona. "Siku saba. Limenyonya uchafu wote. Nililitupa jalalani!"

Jioni ulimi wa Kenna ulikuwa mweusi. Tukausugua kwa chumvi. Ngozi ikabanduka kama utando wa uji. Chini yake, weusi uleule.

Siku ya tatu ulivimba, ukanuka kama panya aliyeozea mtungini. Maji aliyokunywa yalitokea puani, mazito, yana vinyama.

Siku ya tano ulipasuka. Ncha mbili. Kila moja ikicheza kivyake.

Siku ya saba alikufa, mdomo wazi. Mama akajaribu kuufunga. Kitu ndani kikamlamba kidole.

Binti wa Hunero mzima, anacheza uani. Jiwe tulimzika nalo Kenna.

Leo asubuhi nimelikuta kikapuni mwangu, juu ya mkate. Meretseger amerudi, wino mbichi, unanata. Mistari ni ya Kenna. Mkono wake naujua.

Haya, kuna kitu nimekiruka. Siku ile, kabla ya mkate, Kenna alinituma mawe mapya machimboni. Jua lilikuwa kali, nikaishia jalalani. Jiwe lilikuwa bado na kitambaa chake, kimegandwa na usaha. Nilikibandua mwenyewe. Nikalifuta kwa shuka langu, nikampa.

Sasa ondoka. Na usiniambie nitoe ulimi wangu.