Firigisi ya Broker

Jioni ile Phelista alitoka kununua kuku tu. Jua lilikuwa linazama upande wa Mlima Elgon, baridi ya Kitale imeanza kushuka, na yeye alitaka kurudi nyumbani Kibomet kabla mgeni hajafika. Mgeni mwenyewe alikuwa broker, dalali wa mashamba na nyumba, mtu anayeitwa Wekoye, na hiyo ilikuwa mara yake ya kwanza kuja.

Phelista alikuwa mwalimu mstaafu na mjane wa Makokha. Nyumba ya Kibomet walikuwa wameijenga pamoja, chumba baada ya chumba, lakini Makokha alipofariki alizikwa kwao Bungoma, na huko ndiko mjane alikotaka kwenda. Binti yao wa pekee, Viola, alikuwa anaishi huko na nyanya yake, na juzi tu amejifungua mtoto wa kike. Phelista angeuza nyumba, ajenge kijumba karibu na kaburi la mumewe, alee mjukuu. Hakuwa na ndoto nyingine. Bila kuuza, hakuna kujenga.

Kibao alishatundika kwenye geti. Watu walikisoma na kwenda zao.

"Bila broker utazeekea hapo, Mama Viola," jirani yake Wacera alimwambia. "Hao ndio wanajua wenye pesa."

Viola naye kwa simu akasema kinyume. "Mum, hao hawauzii mtu. Wanakukalia tu mpaka uchoke, halafu wanachukua wenyewe."

Kuna mabroka wa haki, sikatai. Wapo. Lakini huyu Wekoye, hata kumsimulia natamani kutema mate.

Muuza kuku alikuwa ameshamnyonyoa jogoo na kushika kisu wakati simu ilipolia.

"Mama, habari ya jioni," Wekoye alisema polepole. "Mwambie asipasue firigisi. Ikuje vile iko."

Phelista alicheka kidogo. Hakuwa amemwambia mtu kwamba yuko kwa muuza kuku. Akajiambia kwamba broker ni mtu wa kujua mambo, pengine amemwona akipita. Akaichukua firigisi nzima nzima, na matumbo yake, ikafungwa kwenye gazeti.

Kwao, firigisi ni ya mwenye nyumba. Makokha akiwa hai hakuna mkono mwingine ulioigusa, hata wageni wawe wakubwa namna gani. Na alipokufa, Phelista akaacha kununua kuku mzima. Alikuwa ananunua vipande tu, ili asikutane nayo kwenye sufuria akaanza kulia.

Wekoye alifika giza limeshaingia. Suti safi, viatu vinang'aa, manukato ya kukaba pumzi. Chini ya manukato kulikuwa na harufu nyingine, ndogo, yenye unyevu... Phelista hakuijua. Alipomkaribisha, mtu huyu hakuangalia kuta wala dari wala madirisha. Alienda moja kwa moja hadi kwenye kiti cha Makokha, akaketi, akajinyoosha.

Phelista alitaka kumwambia hicho hakikaliwi. Lakini mtu aliyekuja kukuuzia nyumba utamwondoaje kwenye kiti?

Akaleta ugali, mboga na kuku.

"Firigisi," Wekoye alinong'ona.

"Sijaiosha ndani. Ni chafu, ndugu yangu."

"Nipe wewe mwenyewe. Kwa mkono."

Akampa. Mungu amsamehe, akampa, kwa adabu zile zile za kwao za kutomnyima mgeni. Wekoye akaing'ata katikati. Maji ya kijani yakamtiririka kidevuni, na ndani yake vipande vya mahindi ambayo jogoo alikuwa hajamaliza kuyasaga. Akatafuna na ile ngozi ya njano, akatafuna na changarawe.

Krr... krr... krr...

Alipomaliza alilamba vidole, akalamba kiganja, akafuata tone moja kwa ulimi hadi kwenye kifundo cha mkono. Phelista alikimbilia jikoni akatapika kwenye sinki. Aliporudi, mgeni alikuwa amesimama mlangoni akitabasamu.

"Nyumba sasa imenijua," alisema. "Usionyeshe mtu bila mimi, mama."

Wanunuzi wa kwanza aliowaleta walikuwa Wahome na mkewe Rosaline, watu wazuri, wakulima wa hapo hapo Trans-Nzoia waliotaka nyumba ya mjini. Rosaline alipapenda jikoni, akaipenda veranda, akaanza hata kupanga pa kuweka friji. Phelista moyo ulimdunda kwa furaha. Wakaingia sebuleni.

Rosaline akaziba pua.

"Kuna kitu kimekufa hapa?" aliuliza, na kabla hajajibiwa alikuwa nje, ameinamia maua, anatapika mpaka machozi. Phelista naye akaisikia. Ilikuwa harufu ya matumbo ya kuku yaliyoachwa juani, nzito, inakaa kwenye ulimi. Wekoye peke yake hakuisikia. Alisimama kando ya kile kiti akichokoa meno.

"Tushushe bei kidogo, mama," alisema wageni walipoondoka. "Nyumba yako iko na shida."

Phelista alisugua sebule kwa sabuni na Jik mpaka vidole vikachubuka. Harufu ikapotea. Wakaja wanunuzi wengine, na walipofika sebuleni ikarudi. Wengine walikimbia bila kuaga. Bei ikashushwa, ikashushwa tena, na kila ikishuka Wekoye alikuwa ananenepa. Mashavu yalimjaa, shingo ikamwagika juu ya kola, na ngozi yake ikawa na vipele vipele, ya njano njano, ngozi ya kuku aliyenyonyolewa. Phelista hakuweza tena kula nyama. Alikuwa akiona mkono wa yule mtu ukimsogelea, mnono, wenye unyevu, anarudi nyuma.

Siku moja alichoka. Akamtafuta Wahome mwenyewe kwa simu, akamwomba aje tena bila broker. Wahome, mtu wa huruma, akaja jioni moja peke yake. Hakukuwa na harufu yoyote. Walizunguka chumba kwa chumba, wakakubaliana bei ya haki, na Phelista akaenda jikoni kumwekea chai. Alikuwa anamwona mjukuu wake, anaona kijumba, anaona mlango wake mpya.

Aliporudi na sinia, Wahome alikuwa amesimama karibu na mlango, kofia mkononi.

"Mama, si ungeniambia mzee yuko?"

"Mzee gani?"

"Mwenye nyumba. Nimemsalimia hapo kwa kiti, ingawa uso sikuuona vizuri kwa giza." Wahome alishusha sauti, amekasirika kidogo. "Amesema hauzi. Ati hakuna mtu alimuuliza. Mambo ya bwana na bibi mimi siingilii, mama. Malizaneni kwanza."

Phelista akageuka.

Kiti kilikuwa kitupu.

Lakini mto wake ulikuwa umebonyea, na ulikuwa unaendelea kubonyea, polepole... Wahome hakuona hayo. Alishafika kwenye geti. Phelista alisimama na sinia lake, chai inamwagika, na hasira ikampanda kuliko woga. Akaliweka sinia chini, akatoa simu, akampigia Wekoye.

"Uko wapi, wewe mtu?"

"Niko nyumbani, mama."

Sauti ilitoka kwenye simu.

Na ikatoka kwenye kiti.

Alipaswa kukimbia. Lakini hicho kilikuwa kiti cha mume wake. Akakivamia, akaukamata ule mto na kuuvuta kwa nguvu. Ulitoka ukinata, ukivuta nyuzi za ute. Chini yake kulikuwa na ngozi za firigisi, zile za njano za ndani, moja juu ya nyingine, zimeshikamana hadi kwenye mbao. Za juu zilikuwa mbichi bado. Za chini zilikuwa zimekauka na kuwa nyeusi. Funza weupe walikuwa wanatambaa katikati yao, wamenona. Phelista alikuwa amempa moja tu. Hizi nyingine zilikuwa za nyumba za nani? Ni wajane wangapi waliwahi kumkaribisha mtu huyu, wakampikia?

Kitu chenye joto kikamgusa shingoni. Pumzi. Harufu ikamjaa mdomoni.

"Mke wangu," kilinong'ona. "Mbona chakula kimechelewa?"

Alikimbia vile alivyokuwa, na mkoba wake na viatu vya ndani. Mlango hakuufunga.

Alifika Bungoma kesho yake mchana. Mama mkwe wake, Nekesa, alikuwa uani anapepeta maharagwe, na Viola amekaa kwenye mkeka na mtoto. Viola aliruka kwa furaha, akampa mamake mtoto amshike. Phelista akambana kifuani, akalia, akawaeleza yote hapo hapo. Nekesa alisikiliza bila kuacha kupepeta mpaka aliposikia neno firigisi. Ungo ukatulia.

"Ulimpa?"

"Aliomba, mama. Alikuwa mgeni."

"Mgeni si anapewa paja? Akitaka sana mpe na mgongo." Nekesa alizungumza kwa sauti ya chini, kama anayeogopa kusikika hadi kwenye kaburi la mwanawe. "Umemketisha kwa kiti ya mwanangu. Umempikia. Umempa firigisi na mkono yako. Sasa ulikuwa unamwambia nini huyo mtu, kama si kwamba ndiye bwana wako?"

"Niliona ni broker tu..."

"Broker ni mtu anasimama kwa mlango, huyu anavuta, yule anavuta. Huyo wako aliingia." Nekesa alitema mate pembeni. "Kuna watu wa namna hiyo tangu zamani. Hawajengi kwao. Wanatafuta boma yenye haina mwanamume. Zamani walikuja wakisema wamepotea njia. Siku hizi sijui wanavaa suti."

"Anataka nyumba? Achukue! Mimi nitakaa hapa hata bila kujenga. Nitalala jikoni."

Nekesa alimwangalia mkwe wake, akavuta hewa puani mara moja kama aliyenusa kitu kibaya, kisha akageuza uso.

Simu ya Phelista ikalia. Ilikuwa Wacera. Mikono ilikuwa imemshika mtoto, kwa hiyo akabonyeza spika, wote wakasikia.

"Mama Viola, wewe umekuwa mtu wa maringo siku hizi!" Wacera alikuwa anacheka. "Nimekuamkia mara ngapi kwa dirisha, umenyamaza tu?"

"Wacera... dirisha gani?"

"Ya jikoni, si hii yako. Niko hapa kwa fensi saa hii, nakuona. Umeinamia karai unatoa kuku matumbo. Na mzee amekuja nje kutoa kibao kwa geti, ananiambia hamuuzi tena. Mbona hukuniambia umeolewa, bana?"

"Wacera, mimi niko Bungoma."

Kicheko kikakatika. Ukasikika upepo, halafu pumzi ya Wacera karibu sana na simu.

"Acha mchezo," alinong'ona. "Umeinua kichwa sasa hivi. Unanipungia mkono. Na hiyo simu... hauna simu mkononi."

Ikakatika.

Phelista alimgeukia binti yake ili amwambie kwamba ni yeye, mama yake aliyemzaa, amguse kama haamini. Viola alikuwa ameshasimama. Alimtazama kuanzia utosini hadi kwenye viatu vya ndani, akamtazama tena usoni, kama mtu anayemtafuta mama yake humo na hamwoni. Kisha akanyoosha mikono, taratibu, bila kumkasirisha, akamchukua mtoto wake.