Uzi wa Kioo Ndani ya Sindano

Kila asubuhi muuguzi alipopita wodini na kipimajoto, alimuuliza Chuma anaendeleaje, na Chuma akajibu kuwa hajambo kabisa. Jina hilo alilipata kwenye karakana ya baba yake, fundi wa kuchomelea vyuma, kwa sababu hakuna aliyewahi kumwona akilia. Lakini homa haidanganyiki. Ndani ya ini lake kulikuwa na jipu lililojaa usaha, na sindano ya kwanza ya kuunyonya ilipinda njiani ikalikosa. Ya pili nayo ikilikosa, angepasuliwa tumbo.

Siku hiyo daktari alileta sindano ya aina nyingine. Ndani yake mlipita uzi wa kioo, mwembamba kama unywele, unaopitisha mwanga. Sindano ikipinda hata kidogo, mwanga hubadilika, na skrini huchora mpindo ule ule. Macho ya daktari hayapenyi ini, ila uzi humwambia sindano inaelekea wapi.

"Wewe kazi yako ni moja tu," alimwambia Chuma. "Ukitaka kukohoa au kusogea, niambie kwanza."

Dawa ya ganzi ikamkolea, sindano ikaanza safari. Mara kikohozi kikampanda Chuma kooni. Akakibana, akakaza meno, macho yakamtoka pima. Kwenye skrini mstari ukapinda.

Daktari alisimamisha mkono. "Kuna nini?"

"Hamna kitu, Daktari."

"Uzi unasema kipo."

Chuma alimtazama baba yake, aliyekuwa amemshika mkono. Aibu ilimjaa. "Nataka kukohoa," alinong'ona. "Na naogopa."

"Haya, sasa tunaelewana."

Daktari aliirudisha sindano nje, akamwacha akohoe mpaka basi, kisha akaanza upya. Safari hii Chuma alisema kila kitu: hapa panachoma, hapa nimetulia. Mstari ulinyooka hadi ndani ya jipu. Usaha ulitiririka kwenye mrija, mwingi na wenye kunuka, na chumba kizima kilicheka kwa furaha kana kwamba ni manukato. Kisu hakikuhitajika tena.

Jioni homa ilishuka. Baba alivuta kiti karibu na kitanda.

"Mficha maradhi kifo humuumbua, mwanangu. Mimi nimeishi na vyuma, na hata chuma hulia kikipata moto. Uzi ule umekuokoa kwa kuwa hausemi uongo. Nawe usiwafiche wanaokutibu."

Muuguzi alifika na kipimajoto, akauliza kama kawaida.

"Homa imepungua," alijibu Chuma, "ila kidonda kinauma kidogo. Na nina njaa ya kufa mtu."