Doti Kumi za Mama na Hisa za Kuazima

Kila Jumamosi Nassir hupika wali wa nazi chumbani kwake Berea, huko ughaibuni, japo nazi yenyewe ni ya kopo. Harufu yake humrudisha Tanga, jikoni kwa mama. Miaka tisa hajamwona, na sasa macho ya mama yanafifia. Nauli ya kwenda ameshaiweka.

Jumamosi hii wali uliungua. Nassir alikuwa amezama kwenye simu.

"Dada Fauzia, hebu njoo uone!" alimwita jirani yake, karani katika ofisi ya mawakala wa hisa kule Marshalltown. "Kampuni hii ya maduka ya nguo, hisa thelathini katika kila mia zimeazimwa na kuuzwa. Waliouza lazima wanunue tena, wazirudishe. Bei itapaa! Nauli yote naitia humu, niende na zawadi za maana."

"Eish, kaka Nassir! Nauli ya kumwona mama? Kwani unajua kwa nini wameziazima?"

Nassir alipekua simu tena, asione sababu.

"Si ulinisimulia habari za mama na zile kanga?"

Ah, zile kanga! Nassir alicheka peke yake. Mama aliazima kwa Bi Tabia, muuza kanga, doti kumi za sare ya harusi. Akaziuza harusi ikiwa karibu, bei iko juu. Alitegemea harusi ikipita bei ishuke, anunue doti kumi nyingine, arudishe, faida ibaki kwake. Kumbe harusi ya pili ikachagua sare ileile! Bei ikapanda, mama akanunua huku analia. Masikini mama!

"Basi ni vilevile," alisema Fauzia. "Anayeazima hisa na kuziuza anategemea bei ishuke. Thelathini katika mia ni nyingi, ina maana wengi wana wasiwasi na kampuni. Wakikosea, watakimbilia kununua, bei itapanda. Wakipatia, itaanguka. Namba hiyo haikwambii lipi litatokea. Inakwambia uchunguze kwanza. Na nauli si pesa ya kubahatisha."

Wakasoma pamoja taarifa ya kampuni. Maduka yalikuwa yanafungwa moja baada ya jingine. Jumatatu Nassir akakata tiketi ya basi.

Siku mbili bei ilipanda, na roho ikamuuma kwelikweli. Kisha ikaporomoka. Nassir hakuiona ikiporomoka. Alikuwa Tanga, mama anampapasa uso kwa vidole.

"Umekonda," alisema mama. "Lakini pua ni ileile."

"Mama, unazikumbuka zile doti kumi?"

"Usinitoneshe kidonda, wewe!" Mama akacheka mpaka machozi. Nassir naye akalia, wala hakuona haya.