Mwambie Yuko Mafia

Ndugu zangu, sogeeni mnisikilize, maana hili halikutokea mbali. Limetokea hapa hapa Temeke, kwenye mtaa wa watu wanaoazimana chumvi na makaa, na mwaka wenyewe ni juzi tu, tisini na tano.

Alasiri hiyo mtaa ulikuwa umetulia. Mwajabu alikuwa uani, amekalia mbuzi anakuna nazi. Mumewe Mfaume alikuwa Tandika kwenye mitumba, biashara aliyoianza baada ya kupunguzwa kazi kiwandani. Upande wa pili wa njia jirani yao Yustina, Mama Sebastian, alikuwa anaanika nguo huku akiimba nyimbo za kwao Masasi. Mara Munira, bintiye Mwajabu, akaingia mbio, mtandio umemwanguka mabegani.

“Mama! Nimeitwa kwenye usaili!”

Munira alikuwa amemaliza kidato cha sita kwa alama nzuri, lakini nafasi za chuo kikuu hapa nyumbani zilikuwa chache na yeye hakupata. Akaomba ufadhili wa kwenda India kusomea ufamasia. Ufadhili kamili, jamani! Ada, nauli ya ndege, malazi, chakula, mpaka pesa ya vitabu. Kwa mtoto wa muuza mitumba, huo ndio ulikuwa mlango pekee.

Mwajabu alimkumbatia mwanawe, kisha akamziba mdomo kwa kiganja kilichojaa machicha ya nazi.

“Shii! Punguza sauti. Unataka mtaa mzima usikie?”

Mnaijua tabia yetu, msijifanye hamuijui. Mtoto akipata safari tunaificha kama mimba changa. Tunaogopa macho ya watu, tunaogopa husuda, majirani wanakuja kujua mtu keshaondoka. Na Mwajabu hakumwogopa kila mtu, alimwogopa Yustina. Sebastian, mtoto wa Yustina, alifanya mtihani mwaka ule ule na Munira, akafeli.

“Wake kafeli, wangu apande ndege? Unadhani atakaa kimya huyo?”

“Lakini mama, si ndiye aliyekuwa akiniazima vitabu vya Seba?”

“Ndio hao hao. Wewe mtoto, hujui dunia.”

Munira akaenda kwenye usaili kimyakimya. Aliporudi, mama yake akamvusha Kigamboni akakae kwa mjomba wake mpaka majibu yatoke, asije akaonekana anakwenda na kurudi mjini watu wakaanza kuulizana. Mtaani akatangaza kuwa binti amekwenda kisiwani Mafia kumuuguza shangazi yake. Yustina aliposikia hivyo alisikitika kweli, akaleta kilo ya sukari ipelekwe kwa mgonjwa. Mwajabu akaipokea, akashukuru, wakainywea chai yeye na Mfaume.

Sasa, simu mtaani ilikuwa moja tu, nyumbani kwa Yustina. Mumewe Kornelio alikuwa wakala wa kutoa mizigo bandarini, Kurasini, ndiyo maana waliunganishiwa laini. Mtaa mzima ulitumia namba ile. Ikilia, Yustina anavuka njia na kuita mwenyewe, na siku moja alikuja anahema.

“Mama Munira! Kuna simu ya Munira. Mwanamume, anaongea kiofisi. Yuko hewani.”

Mwajabu alishtuka. Namba ya Yustina? Nani aliyeitoa? Wazo la kwanza lililomjia ni kuwa jirani yake amenusa kitu na sasa anamchimba.

“Ametoka wapi huyo mtu?”

“Hakutaja. Njoo basi umsikilize mwenyewe, shoga, asije akakata.”

“Mie nina mafuta jikoni. Mwambie yuko Mafia, harudi mpaka mwezi wa kumi.”

“Hivyo hivyo?”

“Hivyo hivyo.”

Yustina akarudi mbio. Baada ya muda mfupi akapaza sauti kutoka dirishani kwake. “Nimemwambia! Amesema sawa!” Mwajabu akatabasamu peke yake, akijiona mjanja. Jikoni kwake hapakuwa hata na moto.

Wiki ile ikapita. Munira akachoka kungoja, akapanda pantoni kuvuka mjini, akaenda ofisi ya ufadhili kuulizia. Jioni alifika nyumbani macho yamevimba.

“Nafasi amepewa mwingine, mama. Nilipita! Wakapiga simu kwa Mama Sebastian nipeleke pasipoti kesho yake, wakaambiwa niko Mafia, sirudi karibuni. Wakaona sina haja nayo. Mjomba hana simu, mama, ndiyo maana niliandika ile ya Mama Sebastian. Nilijua atakuita wewe, nawe utanitumia mtu. Nilikuficha kwa sababu ungenigombeza.”

Mwajabu alikaa chini pale pale mlangoni. Alijua. Alijua kila kitu, na kumwambia mwanawe ukweli kulihitaji maneno mawili matatu tu.

“Amenifanyia makusudi, hakutaka hata kukuita,” Munira akasema huku akilia. “Mimi nilimfanya nini yule mama?”

“Si nilikwambia?” Mwajabu akajibu.

Astaghafirullah! Sijui mtu anapata wapi moyo wa kusema neno kama lile. Lakini alilisema, na likishatoka halirudi.

Munira akavuka njia. Binti aliyekuwa akimwamkia Yustina shikamoo asubuhi na jioni, siku hiyo alisimama mlangoni kwake akampigia kelele mpaka watu wakajaa. Hasidi, mchawi, umenitia mchanga kitumbua changu. Yustina alisikiliza mpaka mwisho.

“Mwanangu, mie nilisema nilichoambiwa niseme.” Akamgeukia Mwajabu aliyekuwa nyuma ya watu. “Mama Munira, mwambie mwanao.”

Watu wote wakamtazama Mwajabu.

“Nimwambie nini? Mie mambo ya simu zenu siyajui.”

Yustina akatikisa kichwa, akaingia ndani na kufunga mlango.

Tangu siku hiyo watu hawakukanyaga tena kwake. Watoto walikatazwa kula chochote anachowapa. Sebastian akipita, vijana wananong’ona. Na Mwajabu je? Akimaliza kuswali na kuinua mikono aombe dua, maneno yanamkwama, maana ataanzaje kumwombea mwanawe riziki na yeye ndiye aliyeikata? Alikwisha vuka njia mara kadhaa kwenda kumtaka radhi Yustina, kila mara akaishia getini, akajifanya anamtafuta kuku. Alijichukia, lakini aliogopa zaidi kuchukiwa na Munira.

Ikaja harusi ya mtoto wa Rukaiya, mke wa mwenye duka. Wanawake walikusanyika uani kuchambua mchele wa pilau, kama ilivyo ada yetu, kila mmoja na ungo wake. Yustina naye akaja na wake. Hakualikwa, lakini harusi ya mtaani mtu hangoji mwaliko. Akakaa kwenye ncha ya mkeka, akanyoosha mkono kuchota mchele.

“Mama Sebastian,” Rukaiya akamwambia, “mchele huo usiutie mkono. Sie tuna harusi hapa, hatutaki mikosi.”

Kuna waliocheka. Munira akainuka, akamnyang’anya ungo, akauweka nje ya mlango. Yustina alibaki kwenye mkeka, mikono mapajani, machozi yakamtoka. Mwanamke wa makamo analia mbele ya wasichana wadogo.

Hapo Mwajabu, aliyekuwa akichambua mchele pembeni, akashindwa kuvumilia.

“Mrudishie ungo wake!” alipiga kelele mpaka sauti ikamkatika. “Munira, mrudishie! Hana kosa. Simu ilipopigwa alikuja kuniita mie, na mie ndiye niliyemwambia aseme uko Mafia. Nilikataa hata kwenda kusikiliza. Nimewadanganya wote. Yustina, nimekuvua nguo mbele ya watu, na ulikuwa umenitendea wema.”

Munira aliufuata ungo, akapiga magoti mbele ya Yustina akampa kwa mikono miwili, analia kwa kwikwi. Yustina akamshika kichwa, lakini hakumtazama Mwajabu. Kisha Munira akageuka.

“Mama,” akasema taratibu, “hasidi tuliyekuwa tunamkimbia mpaka Kigamboni alikuwa nani?”



FUNZO

Mwaka uliofuata Munira aliomba tena, hakupata. Leo anafundisha shule ya msingi Mbagala, na ufamasia ameuzika. Yustina alisamehe baadaye, kwa mdomo, lakini chumvi haji tena kuazima. Wazazi wenzangu, hiyo husuda mnayoiona usoni mwa jirani, kwanza hakikisheni hamkuipaka wenyewe. Mtoto akiomba nafasi ya masomo, mwambie mwenye simu, mwambie na jirani yake, ili akitafutwa apatikane. Na ukishakosea, sema siku ile ile. Kila siku unayonyamaza kuna mtu asiye na hatia anatukanwa kwa ajili yako, na mwanao anajifunza kumchukia mtu aliyempenda.